Kwa nini Porete alichomwa na Ruusbroec akaachwa: jinsi ya kusoma hukumu za uzushi dhidi ya waandishi wa kimistiki

Msomaji mmoja anayesomea historia ya Kanisa ameuliza hivi: "Marguerite Porete alichomwa moto Paris mwaka 1310 kwa ajili ya kitabu. Sentensi za Meister Eckhart zililaaniwa na Papa mwaka 1329. Jan van Ruusbroec, aliyeandika baada yao kwamba nafsi huungana na Mungu pasipo tofauti, leo anaitwa Mwenye Heri. Nikiwasoma wote watatu naona kama wanasema jambo lilelile. Mpaka ulikuwa wapi? Na nikikutana na orodha ya makosa waliyoshtakiwa nayo, niiamini kwa kiasi gani?"

Ndugu, tuanze na sheria yenyewe, maana bila hiyo hukumu hizi zote zitaonekana kama bahati nasibu. Katika sheria ya Kanisa ya wakati ule, mtu hakuwa mzushi mpaka mambo mawili yakutane: kosa katika imani, na ukaidi, yaani kuling'ang'ania kosa hilo baada ya kuonywa na mwenye mamlaka. Aliyekosea akaonywa, akakubali kusahihishwa, alibaki kuwa mtu aliyekosea tu. Eckhart aliijua kanuni hii vizuri. Alipojitetea Cologne tarehe 26 Septemba 1326 alisema kwamba kukosea anaweza, lakini mzushi hawezi kuwa, kwa sababu kukosea ni jambo la akili na uzushi ni jambo la utashi.

Kwa hiyo kila unapomkuta mwandishi wa kimistiki aliyehukumiwa, tenganisha maswali mawili: maandishi yake yalipewa hukumu gani, na yeye mwenyewe alipewa hukumu gani? Waandishi wengi wa vitabu vya kiada huyachanganya, na hapo ndipo msomaji anapoanza kupotea. Sentensi za Eckhart zililaaniwa, lakini yeye hakuwahi kutangazwa mzushi. Porete alihukumiwa yeye na kitabu chake, tena kwa maoni ya makundi mawili tofauti, kwa sababu mbili tofauti.

Kesi ya Porete imeacha kumbukumbu za kutosha kuifuata hatua kwa hatua. Alitoka Hainaut, pengine mji wa Valenciennes, na watu wa zama zake walimwita Mbegina. Wabegina walikuwa wanawake walioishi maisha ya sala na useja bila nadhiri za kudumu na bila kuwa chini ya shirika la watawa. Kitabu chake, Kioo cha Nafsi Nyofu, alikiandika kwa Kifaransa cha watu, si kwa Kilatini cha wasomi. Ni majadiliano marefu ambayo wasemaji wake wakuu ni Upendo, Akili na Nafsi. Kabla ya mwaka 1306, Guido, askofu wa Cambrai, alikilaani, akaamuru kichomwe hadharani Valenciennes mbele ya macho ya mwandishi, na akamwonya kwamba akikisambaza tena au akirudia kuyasema yaliyomo, atakabidhiwa kwa mamlaka ya dola.

Weka alama hapo, kwa sababu onyo hilo ndilo lililomuua. Tangu siku ile, sharti la kuonywa lilikuwa limeshatimia. Hakukiacha kitabu: alikipeleka kwa Jean, askofu wa Châlons, na, kama hukumu yake inavyosema, kwa watu wengine wa kawaida pamoja na Wabegadi, yaani wanaume walioishi maisha kama ya Wabegina. Na si kwamba hakuwa na watetezi wasomi. Baadhi ya nakala za kitabu zimebeba maoni ya watu watatu waliokisoma wakakikubali: Mfransisko aliyeitwa John, Franco, mmonaki wa Kisistersiani wa abasia ya Villers, na Godfrey wa Fontaines, mwanateolojia mashuhuri wa Paris. Godfrey alikiri kwamba kimeandikwa na roho yenye nguvu na ukali ambao mfano wake ni nadra. Lakini hata yeye alishauri kisionyeshwe watu wengi, wasije wakaiacha njia yao wakikimbilia ile ambayo hawataifika. Hata waliompenda, basi, waliona hatari, na hatari yenyewe waliiona kwa wasomaji.

Mwishoni mwa mwaka 1308 Porete alikuwa Paris, mikononi mwa Guillaume de Paris, Mdominiko, mchunguzi wa uzushi katika ufalme wa Ufaransa na muungamishi wa Mfalme Philip IV. Alitakiwa aape kwamba atasema kweli, akakataa. Alikaa kizuizini takribani mwaka mmoja na nusu bila kuapa na bila kujibu. Wengi husoma ukimya huu kama ushujaa, na ushujaa ulikuwepo, lakini kisheria ulikuwa mlango wa mauti. Aliyekataa kiapo alitengwa na Kanisa, na aliyetengwa kwa tuhuma ya uzushi akakaa mwaka mzima bila kutafuta upatanisho alihesabiwa mzushi, hata kama hakuna neno lake moja lililothibitishwa.

Guillaume aliigawa kesi. Swali la kitabu alilipeleka kwa wanateolojia. Tarehe 11 Aprili 1310 wanateolojia 21 wa Chuo Kikuu cha Paris walikutana katika kanisa la Wamathurini, wakawekewa mbele yao vifungu vilivyonyofolewa kitabuni, visivyopungua 15, wakaulizwa kitabu chenye vifungu kama hivyo kifanywe nini. Mwandishi hakuitwa kueleza alikusudia nini. Jibu lao: kitabu ni cha kizushi. Swali la mtu alilipeleka kwa wanasheria wa Kanisa, ambao tarehe 9 Mei walijibu kwamba mwanamke huyu ni mrudiaji: alishaonywa na askofu wake, akarudia. Kwa mrudiaji toba haikuokoa uhai. Angeweza kutubu akapewa sakramenti, lakini kifo kilibaki palepale. Jumapili tarehe 31 Mei hukumu ilisomwa Place de Grève, uwanja wa hadhara wa Paris, na kesho yake, tarehe 1 Juni, akachomwa.

Ili uone uzito wa neno "mrudiaji", mtazame Guiard de Cressonessart, aliyekamatwa kwa kumtetea Porete. Huyu alidai kuwa ndiye malaika wa Filadelfia anayetajwa katika Kitabu cha Ufunuo, aliyetumwa kuwaokoa wafuasi wa Kristo. Dai hilo ni zito kuliko lolote la Porete. Naye alikataa kiapo kwa muda mrefu. Lakini mwishowe alizungumza, na hakuwa na hukumu ya nyuma. Alipewa kifungo cha maisha. Ukilinganisha mafundisho tu, matokeo haya hayaelezeki. Ukilinganisha hatua za kisheria, yanaeleweka mara moja.

Sasa tuje kwenye vifungu vyenyewe, kwa sababu umeuliza uviamini kiasi gani. Kumbukumbu rasmi zimehifadhi viwili tu, cha kwanza na cha 15. Kingine tunakipata kwa mwandishi wa tarehe, yaani wa kumbukumbu za matukio, aliyeendeleza kazi ya Guillaume de Nangis (huyu si yule mchunguzi). Nitavichukua vyote vitatu, maana kila kimoja kinaonyesha tatizo la namna yake.

Kifungu cha kwanza kinasema kwamba nafsi iliyofutika, yaani iliyouacha utashi wake wote kwa Mungu, inaziaga fadhila na haiko tena katika utumwa wao, kwa kuwa haizitumii, bali fadhila ndizo zinazoitii. Je, neno hili limo kitabuni? Limo. Katika sura ya 6 Nafsi inaimba kwamba inaziaga fadhila milele na kwamba sasa moyo wake utakuwa huru na wenye furaha zaidi. Mtu akiishia hapo atasikia mwanamke anayetangaza kwamba usafi, subira na unyenyekevu havimhusu tena. Lakini Akili, ambaye kitabuni ndiye mwakilishi wa msomaji mwenye wasiwasi, haliachi jambo lipite. Analirudia, na katika sura ya 21 Upendo anamjibu kwa kirefu: nafsi hizi zimeziaga fadhila, lakini fadhila hazijaziaga nafsi hizi, ziko nazo daima. Anatoa mfano wa mtumishi aliyejifunza kwa bwana wake mpaka akampita kwa utajiri na hekima, kisha yule bwana akachagua kubaki naye na kumtumikia. Yaani fadhila zimekuwa tabia ya nafsi kiasi kwamba haihangaiki tena kuzitafuta. Mafundisho hayo hayakuwa mageni kwa wanateolojia wa Paris.

Angalia umbali uliopo kati ya sentensi na maelezo yake: sura 15. Anayenyofoa vifungu hachukui sura 15, anachukua mistari mitatu. Kosa hili limo katika utaratibu wenyewe, na linatokea hata kama mnyofoaji ni mtu mwadilifu. Kitabu cha majadiliano ndicho kinachoumia zaidi, kwa sababu mwandishi wake hutupa neno la kushtua kwanza ili Akili ashtuke, kisha afundishwe. Mshtuko ukikatwa ukaachwa peke yake, unageuka kuwa fundisho.

Kile kifungu cha mwandishi wa tarehe ni kibaya zaidi. Kinasema kwamba nafsi iliyofutika katika upendo wa Muumba inaweza, tena inapaswa, kuipa maumbile chochote yanachotamani, bila lawama wala majuto ya dhamiri. Ukisoma hivyo unaona ruhusa ya ufisadi. Sasa fungua sura ya 9. Imeandikwa kwamba nafsi ya namna hii haitamani wala haidharau umaskini wala dhiki, misa wala mahubiri, mfungo wala sala, nayo huyapa maumbile yote yanayohitaji bila majuto ya dhamiri. Kisha, katika sentensi hiyohiyo, linafuata neno la kuzuia: lakini maumbile haya yamepangika vizuri sana kwa kugeuzwa katika umoja wa Upendo, hata hayadai kitu kilichokatazwa. Linganisha basi. Kinachohitajika kimekuwa kinachotamaniwa, na nusu ya pili ya sentensi, ile inayofunga mlango wa dhambi, imepotea. Ni kweli kwamba nakala ya Kifaransa tuliyonayo, ile ya Chantilly, imechelewa kuliko kesi kwa zaidi ya karne moja. Lakini neno la kuzuia limekaa katikati kabisa ya mtiririko wa hoja, na kitabu kizima kinalihitaji.

Kifungu cha 15 kinanilazimu kusema upande wa pili. Kinasema kwamba nafsi ya namna hii haijali faraja za Mungu wala vipawa vyake, wala haipaswi wala haiwezi kuvijali, kwa sababu imemwelekea Mungu mzima na vitu hivyo vingeizuia. Hicho hakijapotoshwa. Porete alikimaanisha hasa. Vilevile alimaanisha alipotofautisha Kanisa dogo, linaloongozwa na Akili, na Kanisa kubwa la nafsi zinazoongozwa na Upendo. Kanisa dogo ndilo hili lenye maaskofu na wanateolojia. Siwezi kukubaliana na wanaomchora Porete kama mcha Mungu mpole ambaye hakueleweka tu. Alieleweka kwa sehemu. Kitabu chake kinaiambia taasisi kwamba wapo watu ambao haina la kuwafundisha, na mchunguzi wa uzushi asingeweza kulipita hilo kama kwamba hakuliona.

Siasa je? Ilikuwepo, na tarehe zake ziko wazi. Guillaume huyuhuyu ndiye aliyeshiriki kuanzisha kesi dhidi ya Mashujaa wa Hekalu, shirika la watawa wapiganaji, waliokamatwa Ufaransa tarehe 13 Oktoba 1307 kwa amri ya Philip IV. Philippe de Marigny, aliyekuwa askofu wa Cambrai baada ya Guido na akamshughulikia Porete huko, alipanda kuwa askofu mkuu wa Sens, na tarehe 12 Mei 1310 Mashujaa 54 walichomwa kwa hukumu ya baraza lake, siku tatu tu baada ya wanasheria kutoa maoni juu ya Porete. Mfalme aliyegombana na Papa Boniface VIII alihitaji kuonekana mlinzi mkuu wa imani. Siasa inaeleza kwa nini kesi iliendeshwa Paris na kwa nini iliendeshwa kwa uangalifu mkubwa wa karatasi, kila hatua ikiwa na muhuri. Haielezi kwa nini Guido, huko Cambrai, alikichoma kitabu mapema kabla ya hayo yote.

Kilichofuata kiliwaumiza watu wengi kuliko kesi yenyewe. Mtaguso wa Vienne wa 1311 na 1312, ambao baadhi ya wale wanateolojia 21 walihudhuria, ulitoa hati iitwayo Ad nostrum yenye makosa manane waliyohesabiwa Wabegadi na Wabegina. Kosa la sita ni hili: kwamba kujizoeza fadhila ni kazi ya mtu asiye mkamilifu, na nafsi kamilifu huziaga fadhila. Unakitambua. Ni kile kifungu cha kwanza cha Paris, sasa bila jina la mtu, bila kitabu, bila sura ya 21. Mwaka 1317 Papa John XXII aliitangaza hati hiyo ndani ya mkusanyo wa sheria za Kanisa, na tangu hapo mchunguzi wa Strasbourg au Cologne hakuhitaji kusoma kitabu chochote. Aliichukua orodha, akamuuliza mshtakiwa kosa moja moja: unaliamini hili? Mtu aliyechoka, aliyeogopa, akijibu ndiyo kwa maneno ya orodha, anaandikwa kuwa mfuasi wa kundi la "Roho Huru", yaani watu waliodhaniwa kujiona wamevuka sheria na dhambi. Wanahistoria wa nusu ya pili ya karne ya 20 walipochambua maungamo hayo waligundua kwamba yanafanana kwa sababu maswali yanafanana, na hawakupata dalili za kuridhisha kwamba kundi lenye viongozi na mpangilio liliwahi kuwepo. Ndiyo maana nakuonya: ungamo linalofuata mpangilio wa Ad nostrum neno kwa neno ni ushahidi wa orodha, na ni ushahidi dhaifu sana wa aliyoyaamini mshtakiwa.

Kwa Eckhart mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Alikuwa Mdominiko, mwalimu wa teolojia aliyefundisha Paris mara mbili, aliyewahi kuongoza jimbo la Saxonia la shirika lake. Aliporudi Paris mwaka 1311 aliishi katika nyumba ya Saint-Jacques, ambayo ndiyo iliyokuwa nyumba ya Guillaume, kwa hiyo huenda habari za Porete alizijua kwa karibu. Askofu mkuu wa Cologne, Heinrich wa Virneburg, alipofungua mashtaka, orodha ya kwanza ilikuwa na vifungu 49 na ya pili 59. Eckhart alifanya yote ambayo Porete hakuyafanya. Alijibu kifungu kwa kifungu. Alieleza ni kwa maana ipi kila kimoja ni kweli, akilalamika kwamba vingine vimeripotiwa vibaya, jambo linalowezekana sana kwa mahubiri yaliyoandikwa na wasikilizaji. Tarehe 24 Januari 1327 alikata rufaa kwa Papa. Tarehe 13 Februari, katika kanisa la Wadominiko la Cologne, alitangaza hadharani kwamba anakanusha kosa lolote litakalopatikana katika maneno yake. Ukaidi ulikuwa umeondolewa mezani. Alikwenda Avignon, akafariki kabla ya hukumu kutoka.

Hati ya tarehe 27 Machi 1329, iitwayo In agro dominico, inastahili kusomwa polepole kuliko kawaida. Ina vifungu 28. Kumi na tano vya kwanza na viwili vya mwisho vinaitwa vya kizushi. Vingine 11 vinaitwa vyenye sauti mbaya, vya kuthubutu kupita kiasi na vya kutiliwa shaka, ingawa kwa maelezo na nyongeza nyingi vingeweza kupewa maana ya Kikatoliki. Hivyo viwili vya mwisho, kikiwemo kile cha kwamba ndani ya nafsi kuna kitu kisichoumbwa, Eckhart alikana kuwa alivifundisha. Na hati yenyewe inasema kwamba kabla ya kufa alivikana vifungu kwa kiasi ambacho vingeweza kuzaa maana ya kizushi katika akili za wasikilizaji. Kipimo kilichotumika kilikuwa maneno kama yanavyosikika. Nia ya msemaji na muktadha wa hotuba viliachwa kando kwa makusudi, kwa kuwa lengo lilikuwa kulinda masikio ya wasikilizaji. Hati inalalamika wazi kwamba aliyahubiri mambo haya mbele ya watu wa kawaida. Ni hofu ileile ya Godfrey, sasa ikiwa na muhuri wa Papa.

Ruusbroec alizaliwa mwaka 1293, akafa 1381, na aliandika akijua yote hayo. Alikuwa padri, kisha priori, yaani mkuu, wa jumuiya ya watawa ya Groenendaal karibu na Brussels, na yeye mwenyewe aliandika kwa ukali dhidi ya watu waliojidai wamevuka sala na sakramenti. Alipofika mahali pa hatari, kwenye muungano pasipo tofauti, aliweka uzio papo hapo. Ndugu wa Kikartusi wa Herne walipobabaika kwa maneno yake, alitunga kijitabu cha ufafanuzi, na humo akaandika kwamba hakuna kiumbe anayeweza kuwa mtakatifu kiasi cha kupoteza uumbwa wake akawa Mungu, hata nafsi ya Bwana wetu Yesu Kristo. Njia hiyo aliikuta kwa waliotangulia: Bernard wa Clairvaux, karne ya 12, alitumia mfano wa tone la maji ndani ya divai na chuma kilichoiva motoni, lakini akaongeza palepale kwamba asili ya mtu itabaki.

Hata hivyo hakupona kabisa. Jean Gerson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris, aliposoma tafsiri ya Kilatini ya kitabu chake juu ya harusi ya kiroho karibu na mwaka 1399, alisema sehemu ya tatu itupwe, kwa sababu inafundisha kwamba nafsi inapoteza uwepo wake ndani ya Mungu. Ruusbroec alikuwa amekwisha kufa, na Jan van Schoonhoven wa Groenendaal akaandika kumtetea. Hapa unaona faida ambayo Porete hakuwa nayo: jumuiya yenye kumbukumbu, maktaba, na watu wa kujibu barua. Mbegina asiye na mkuu wa shirika alisimama peke yake. Mechthild wa Magdeburg, Mbegina mwingine aliyeonywa kwamba kitabu chake kinaweza kuchomwa, alimalizia maisha yake ndani ya monasteri ya Helfta, na huko akaandika sehemu ya mwisho kwa amani.

Kitabu cha Porete, kwa upande wake, kilipona kwa kupoteza jina la mwandishi. Kilitafsiriwa kwa Kilatini, Kiitalia na Kiingereza. Mtafsiri wa Kiingereza anayejulikana kwa herufi M.N. tu aliongeza maelezo yake 15 mahali ambapo wasomaji walikuwa wamekwazika, yaani alijenga kwa mkono wake uzio ambao Porete aliuweka mbali au hakuuweka. Mwaka 1927 kilichapishwa kwa Kiingereza cha kisasa kama kazi ya mwandishi asiyejulikana, kikiwa na kibali cha Kanisa Katoliki. Mwaka 1946 mtafiti Romana Guarnieri akatangaza kwamba ndicho kile kilichochomwa.

Kwa kazi yako ya masomo, fanya hivi. Chukua kifungu kimoja tu, utafute mahali kilipotoka, kisha usome sura inayotangulia na zinazofuata mpaka mada ibadilike. Uliza nani anayesema. Kwa Porete, maneno ya Nafsi, ya Akili na ya Upendo hayana uzito mmoja. Uliza yanamhusu mtu wa hatua gani, kwa kuwa kitabu kinataja hatua saba na mengi ya kushtua yanahusu ya tano na ya sita peke yake. Ya saba imewekwa baada ya kifo. Tafuta neno la kuzuia: "kwa neema", "kwa upendo", "si kwa asili". Ukilikuta kitabuni na hulikuti kwenye kifungu, andika umbali wake kwa mistari au sura. Baada ya hapo angalia daraja la hukumu, maana "kizushi" na "chenye sauti mbaya" ni mambo mawili, kisha angalia kama mtu alihukumiwa, na kwa kosa lipi la kisheria. Usiruke moja kwa moja kutoka kifungu kilichopotoshwa kwenda kwenye mtu asiye na hatia. Kifungu cha 15 kipo kukukumbusha.

Anza na sura za 6 hadi 9 za Kioo, kisha ruka hadi sura ya 21. Humo Upendo anasema: mimi ni Mungu kwa asili ya kimungu, na nafsi hii ni Mungu kwa haki ya upendo. Sentensi hiyo isome mara mbili, mara ya kwanza ukiwa Guillaume, mara ya pili ukiwa Ruusbroec, na uandike kila mmoja angeikata wapi.